Bwana Arusi wa Malindi Hataki Joto

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, na mlango wa Bi Mwanakhamis Pandu umeshagongwa mara nne. Nje, katika kichochoro kinachoteremkia soko la samaki la Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wachuuzi watatu wamesimama na ndoo zao wakisubiri barafu. Ndani, mwenye barafu hana haraka nao.

Amepiga magoti mbele ya tangi la kioo. Mkono wa dera ameukunja mpaka kwenye kiwiko, na kwa utaratibu wa mtu anayemlaza mtoto mchanga, anateremsha majini chupa mbili zilizoganda. Anatazama kipimajoto. Anasubiri kidogo, anakitazama tena, anakunja uso, kisha anaongeza chupa ya tatu.

"Bi Mwanakhamis!" sauti ya Haroub, mchuuzi wa jodari, inapenya mlangoni. "Jodari wangu anaoza huku!"

"Jodari wako keshakufa," anajibu bila kugeuka. "Hana haraka. Huyu mzima."

Huyo mzima ni mnyama mwenye urefu wa shubiri moja, mweupe mwenye wekundu wa mbali kama ndani ya kombe. Ana miguu minne na vidole vyake, mkia wa samaki, macho madogo yasiyopepesa, na mdomo mpana unaotabasamu usiku na mchana. Kila upande wa shingo ana vitawi vitatu vyekundu vya kupumulia, vinavyopepea majini mfano wa mwani. Wataalamu wanamwita aksolotli, jamii ya salamanda, na asili yake ni maziwa ya baridi ya nchi ya Mexico.

Hapa Malindi anaitwa Bwana Arusi.

"Mtazame mwenyewe," anasema Bi Mwanakhamis akijifuta mkono kwa kanga. "Kakaa kimya, kapambika, anachekacheka tu, na kila kitu anafanyiwa na wengine. Bwana arusi gani anakuwa vyengine?"

Ndipo anapofungua mlango, na biashara ya siku inaanza. Nyundo inapanda na kushuka, mapande ya barafu yanaingia ndooni, na katika robo saa wachuuzi wote watatu wameshaelekea sokoni huku maji yakiwachuruzika miguuni.

Bi Mwanakhamis ana miaka hamsini na miwili. Kazaliwa Nungwi, akaja mjini kwa ndoa, na barafu anaiuza mwaka wa kumi na tisa sasa. Alianza na friza moja aliyoinunua kwa zamu yake ya upatu. Leo anazo tatu, zimepangwa ghorofa ya chini ya nyumba ya urithi ya mumewe, yenye kuta nene kiasi kwamba ukitaka kugongea msumari wa saa ya ukutani unamwita fundi.

Siku njema huuza mapande sitini, kila pande shilingi elfu moja, na karibu nusu ya fedha hiyo inarudi kwenye umeme. "Wakati wa kaskazi ndiyo barafu inauzika," anasema. "Lakini wakati huo huo friza nazo zinakula umeme kama zimeshinda na saumu."

Mumewe, Bwana Zahor, ni mnadi wa samaki. Wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu; yeye ana sauti. Kwa sauti hiyo amenadi kila kilichotoka baharini kwa miaka thelathini: nguru, changu, pweza, taa, kamba, hata papa mmoja aliyekuwa na ndara tumboni. Anajisifu kwamba hakuna kiumbe cha majini asichokijua bei yake.

"Isipokuwa huyu," anasema, akilinyooshea tangi kidole. "Nilipoambiwa anaitwa aksolotli, nilidhani ni hoteli mpya imefunguliwa Nungwi."

Mnyama huyu hakuletwa na bahari. Miaka mitatu iliyopita, ghorofa ya juu ya nyumba hiyo ilipangwa na mwalimu wa muziki kutoka Ureno, Bi Teresa. Alikuja na masanduku mawili ya nguo, fidla moja, karatasi nyingi zenye mihuri, na tangi lenye mashine ya kupoza maji. Mashine haikumaliza mwezi wa pili. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na mashine ikatoa moshi mara moja, basi.

Kuanzia siku ile Bi Teresa akawa anashuka ngazi kila asubuhi kununua chupa sita za barafu.

"Mimi nikasema, huyu anauza juisi," anakumbuka Bi Mwanakhamis. "Chupa sita, mtu mmoja, hana mgeni, za nini? Nikasema mzungu huyu ananifungulia biashara juu ya kichwa changu. Siku moja nikapanda kimya kimya nikamfume."

Mlango ulikuwa wazi. Akaita hodi, akaingia, na kilichomgeukia ni ule uso mweupe ukimchekea nyuma ya kioo.

"Nilipiga ukelele! Ngazi za nyumba hii ni ishirini na mbili. Siku ile nadhani nilikanyaga tatu."

Lakini udadisi ni ugonjwa. Kesho yake akapanda tena, safari hii chupa akazibeba mwenyewe. Keshokutwa akakaa kidogo. Baada ya mwezi akawa anajua kwamba mnyama anakula nyungunyungu siku moja na kupumzika siku moja, na akawa akiteremka anamuuliza Bi Teresa, "Leo kala?"

Mkataba wa kazi ya Bi Teresa ulipokwisha, nchi aliyokuwa akihamia ilikataa kumpokea mnyama huyo. Alizunguka kisiwa kizima kumtafutia makao. Hoteli moja ya pwani ilikubali, lakini maji ya tangi lao yalikuwa ya bahari, ambayo yangemuua siku hiyo hiyo. Ndipo aliposhuka chini na kukaa juu ya friza.

"Akanambia, 'Bi Mwanakhamis, mwenye barafu ni wewe.' Nikamwambia wenye barafu wako wengi, Unguja nzima. Akasema, 'Ndiyo. Lakini wao hawaulizi leo kala.'" Bi Mwanakhamis anarekebisha ushungi wake. "Nimwambie nini tena mimi?"

Bi Teresa aliondoka na kuacha tangi, kipimajoto, na daftari la maelekezo aliloliandika kwa Kiswahili alichojifunza miezi minane. Daftari hilo lipo mpaka leo, limetiwa kwenye mfuko wa plastiki lisirowe. Ukurasa wa kwanza unasema hivi:

"Yeye hapendi moto. Maji kumi na sita, kumi na nane, yeye furaha. Maji ishirini na nne, yeye mgonjwa. Yeye hapendi jua. Yeye hapendi mawe kidogo, yeye kula mawe. Yeye hapendi maji kukimbia. Yeye hapendi rafiki."

Bwana Zahor aliusoma ukurasa ule, akavua miwani. "Mke wangu," akasema, "huyu si mnyama. Huyu ni mkwe."

Naye, kama ilivyo kwa mtu aliyeletewa mkwe bila kuulizwa, akaanza kuyavunja masharti moja baada ya jingine.

La kwanza lilikuwa la mawe. Bwana Zahor aliona ni aibu nyumba yake kuwa na chumba kisicho na sakafu. Alipokwenda Fumba kumtembelea binti yao, Sumaiya, alirudi na mfuko wa vijiwe vyeupe vya pwani, akaviosha, akavitandaza tangini vikapendeza. Bwana Arusi alivitembelea, akavinusa, akafungua mdomo na kumeza kimoja.

"Daftari lilisema!" anasema Bi Mwanakhamis.

"Daftari lilisema mawe kidogo," anajitetea mumewe. "Mimi nilitia mengi."

Vijiwe vyote vilitolewa siku ile ile, isipokuwa kile kimoja. Siku mbili Bwana Zahor alikaa mbele ya tangi akimulika tumbo la mnyama kwa simu, halali vizuri, hali vizuri. Siku ya tatu, akiwa sokoni katikati ya mnada, mkewe alimpigia simu. Zahor akainua mikono miwili na kwa sauti ile inayosikika mpaka bandarini akatangaza, "Limetoka!"

Soko zima likashangilia. Mpaka leo wapo ambao hawajui walishangilia nini.

Tangu hapo sakafu ya tangi iko tupu. Ndani mna kipande cha mtungi uliovunjika kilicholazwa ubavu, ambamo mnyama hujificha akichoka kutazamwa, na mche mmoja wa majani ya maji. Basi.

Sharti la pili kuvunjwa lilikuwa la rafiki. Bwana Zahor aliamini kwamba upweke haumfai kiumbe yeyote. Akanunua kisamaki kidogo cha rangi ya dhahabu, akakitia. Kisamaki kikadhani vile vitawi vyekundu ni majani, kikashinda kikividonoa, na mwenye vitawi akashinda ametulia na tabasamu lake. Bwana Zahor akafurahi. Akasema wanazoeana.

Asubuhi yake kisamaki hakikuwepo.

"Na yeye yupo pale pale, anatabasamu vile vile," anasema Bi Mwanakhamis. "Siku ile ndiyo nikajua kuwa lile tabasamu si la furaha wala si la huzuni. Ndivyo mdomo ulivyokatwa."

Vitawi vilivyodonolewa viliota upya ndani ya wiki chache, maana maumbile ya mnyama huyu yana ajabu hiyo: hata mguu ukikatika, hurudi. Fundisho, hata hivyo, halikuhitaji kurudiwa.

Baadaye ukafuata mfuniko. Siku moja Bi Mwanakhamis alimkuta Bwana Arusi sakafuni, kando ya friza ya pili, ameruka nje na amelala juu ya saruji kama kitambaa kilichoanguka kambani, huku paka wa mtaa amekaa mlangoni akifikiri. Tangu hapo juu ya tangi kuna wavu wa chuma ndani ya fremu ya mbao, na juu ya wavu kuna tofali moja. Maji ya bomba hayatiwi moja kwa moja. Yanalazwa kwenye ndoo, yanatiwa dawa ya kuondoa klorini, na kila wiki sehemu ndogo tu ya tangi hubadilishwa. Tangi liko mbali na jua. Feni ndogo inapuliza juu ya maji. Wakati wa joto chupa zinafika kumi na mbili kwa siku, sita ndani na sita zikiganda.

Majirani walilipokea jambo hili kila mtu kwa imani yake. Bi Muzna, jirani wa nyumba ya pili, kwa muda wa miezi sita alikuwa kila akipita mlango ule huhamia ukuta wa pili huku akisoma Ayatul Kursiy.

"Na kichochoro chenyewe upana wake hatua mbili," anasema Bi Mwanakhamis. "Sijui alikuwa akimkwepa vipi."

Haroub, kwa upande wake, alikataa hata kumtazama. Ana miaka thelathini katika uchuuzi, mtu mzito, mwenye msimamo juu ya samaki. Kwake yeye kitu kikiwa majini ama kinaliwa ama kinatupwa, na kumfuga kiumbe kwa barafu ilhali wapo jodari wanaoihitaji ni ufujaji. Alikuwa akinunua barafu yake mlangoni na kuondoka, uso ameugeuzia ukutani.

Mambo yakaendelea hivyo hadi Februari ya mwaka jana.

Jumatatu moja, saa saba mchana, transfoma ya mtaa iliungua. Mafundi walikuja, wakatazama juu, wakaondoka. Jumanne kaskazi ilikuwa kavu na kali, na Mji Mkongwe ukaanza kunuka samaki. Bi Mwanakhamis alizifunika friza zake kwa mablangeti na kukataza mtu yeyote kuzifungua bila sababu. Bwana Zahor alipanda vespa akaenda kutafuta barafu Mwanakwerekwe. Mahoteli yalikuwa yameshamtangulia. Alirudi na mfuko mmoja ambao, alipouweka chini, ulikuwa mfuko wa maji.

Jumatano asubuhi kipimajoto cha tangi kilisoma ishirini na tano. Ndani ya friza zote tatu yalibaki mapande manane.

Saa tatu Haroub akatokea. Alikuwa na jodari wawili wakubwa walioahidiwa hoteli moja ya Nungwi kabla ya alasiri.

"Nipe yote manane," akasema.

Bi Mwanakhamis akampa matano.

Haroub akachungulia ndani ya friza. "Na yale matatu?"

"Yana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Bi Mwanakhamis akakifunga kifuniko cha friza. Haroub akasogea hatua moja.

"Bi Mwanakhamis. Usinambie."

"Mie nshakwambia kitu?"

Haroub alibeba matano yake akaondoka bila kuaga, na habari ikamtangulia kufika sokoni. Bwana Zahor alikuwa katikati ya mnada wa dagaa mtu mmoja alipopiga kelele kutoka nyuma, "Zahor! Mkeo kamnyima Haroub barafu kwa ajili ya mjusi!"

"Si mjusi!" akajibu mnadi kwa sauti ya kazi. "Salamanda!"

Watu wakacheka, naye akapoteza hesabu, na fungu la dagaa likaondoka kwa bei ya nguru. Aliyelinunua bado anamdai radhi.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Wachuuzi wawili walipita mlangoni wakasema kwa sauti ya kusikika kuwa umeme ukirudi watatafuta barafu kwingine, kwa mtu anayejua tofauti ya riziki na mchezo.

"Nililia," anasema Bi Mwanakhamis, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Miaka yote ile. Watoto wao wakiwa na homa, barafu wanaichukua kwangu bure. Harusi zao, barafu kwangu. Siku moja nikasema haya matatu hapana, na mimi nikawa sina maana. Nikamtazama yule majini, yuko hoi, nikajiuliza, mwanamke wee, umefanya nini?"

Bwana Arusi alikuwa kweli hoi. Chupa zake zote zilikuwa zimeshayeyuka, na Bi Mwanakhamis alikuwa akimvunjia yale mapande moja kwa moja tangini. Alikuwa akielea juu, vitawi vimejikunja kuelekea mbele, na ncha ya mkia imejipinda kama ndoana, dalili ambayo daftari la Bi Teresa lilikuwa limeichora kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Yeye hatari."

Saa sita kasoro, Bwana Zahor akiwa amesharudi kutoka mnadani, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Haroub. Jodari alikwishawapeleka, na sasa alikuja kumuona kwa macho yake aliyemshinda.

"Yuko wapi?" akauliza.

Bi Mwanakhamis akamwonesha kwa kidevu.

Haroub akainama mbele ya kioo. Akatazama kwa muda mrefu. Bi Mwanakhamis akajiandaa kutukanwa.

"Nani kakufundisha kuweka barafu namna hii?" akasema Haroub.

"Nini?"

"Unavunja unatupia juu! Inayeyuka unaiona! Na tangi umelielekeza mlangoni, joto lote la kichochoro linaingia hapa. Yakhe, wewe muuza barafu wewe? Zahor! Njoo ushike huku!"

Mtu aliyezuia samaki wasioze kwa miaka thelathini hawezi kuona kazi mbaya akanyamaza. Haroub alivua shati. Wakapunguza maji, wakalibeba tangi wote watatu mpaka chini ya ngazi, mahali ambapo ukuta ni mnene kuliko kwingine kokote na jiwe lake huwa baridi hata kaskazi. Akaagiza magunia. Akayachovya kwenye ndoo, akalizungushia tangi pande tatu. Vipande vya barafu akavifunga ndani ya chupa, viyeyuke polepole.

"Sasa upepo," akasema. "Gunia la maji bila upepo ni mzigo tu."

Bwana Zahor akapewa kipepeo cha ukindu akaanza kupepea. Alipochoka akapokewa na Haroub. Haroub alipochoka akapokewa na Bi Mwanakhamis. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaswali kwa zamu, wakarudi wakapepea.

Bi Muzna alikuwa akipita, amejibana kwenye ukuta wake wa pili, alipoona kupitia mlangoni watu wazima watatu wanampepea, alivyodhani, mtu aliyelala sakafuni. Akasahau Ayatul Kursiy, akaingia mbio.

"Kazirai nani?"

Akatazama, akaona. Wote wakasubiri ukelele. Bi Muzna akamgeukia Bwana Zahor, akampokonya kipepeo.

"Unampepea kama unawasha mkaa! Hebu sogea huko. Mgonjwa anapepewa hivi."

Saa nane kipimajoto kilisoma ishirini na nne. Alasiri, ishirini na tatu. Karibu na magharibi, ishirini na mbili, na ncha ya mkia ikaanza kunyooka kidogo kidogo, mpaka Bwana Arusi akashuka chini, akatembea hatua nne juu ya kioo kwa vile vimiguu vyake, akaingia ndani ya kipande cha mtungi akawapa mgongo.

Kisha Bwana Zahor akauliza, "Na jodari wako, Haroub, walifikaje?"

Haroub akavaa shati lake polepole. "Walifika wazima," akasema. "Magunia. Matano yalitosha."

"Sasa manane uliyataka ya nini?" akauliza Bi Mwanakhamis.

"Niliyataka manane kwa sababu yalikuwepo manane."

Umeme ulirudi Alhamisi asubuhi. Wachuuzi wale wawili walirudi Ijumaa na ndoo zao, wakasalimia kwa urefu zaidi ya kawaida, wakauliza hali ya watoto, hali ya mume, hali ya nyumba, na hakuna aliyetaja barafu ya kwingine. Bi Mwanakhamis naye hakuwakumbusha. "Nikawapasulia mapande makubwa kidogo," anasema, "ili waone haya vizuri."

Kuanzia hapo umaarufu wa mnyama ukavuka mtaa. Mtembeza wageni mmoja alikuja na pendekezo la kuwaleta watalii kwa kiingilio. Bi Mwanakhamis alimtoa mlangoni kwa adabu.

"Wageni watagonga kioo, watampiga picha kwa mwanga. Yeye macho yake hayana kope. Nikataka kumuuliza yule bwana, wewe ukiwa umelala watu wanakuja kukumulika kwa dola tano, utaona raha?"

Haroub anaendelea kudai kwamba hana habari na mnyama. Anakuja kwa ajili ya barafu tu. Lakini kila asubuhi, akishalipa, anaweka ndoo chini na kuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Ngapi leo?" Leo ameambiwa kumi na tisa. Akatikisa kichwa. "Iko juu," akasema, akaenda zake.

Na ni huyo Haroub ambaye sasa amebeba tumaini kubwa la nyumba hii.

Mwakani, Mwenyezi Mungu akijaalia, Bi Mwanakhamis na Bwana Zahor wanakwenda Umra. Wamedunduliza miaka sita, shilingi kwa shilingi, barafu kwa barafu, na majina yao yameshaandikishwa kwenye msafara. Safari ni siku kumi na nne. Kilichobaki ni nani atakayekaa na Bwana Arusi. Sumaiya amesema atamfanyia mama yake lolote duniani isipokuwa kushika nyungunyungu. Bi Muzna anajua kupepea lakini hajui kusoma kipimajoto. Haroub akajitolea mwenyewe, akitazama ukutani.

Hakupewa hivi hivi. Ijumaa baada ya swala hukaa juu ya friza na daftari la Bi Teresa mapajani, akiulizwa maswali.

"Maji yakifika ishirini na mbili?"

"Naongeza chupa. Natia magunia."

"Umeme ukikatika?"

"Chini ya ngazi."

"Siku mbili hajala?"

"Nnatazama joto kwanza. Simlazimishi."

"Ukimuona kama mpweke?"

Haroub akafikiri. Akamtazama Zahor, Zahor akatazama dari.

"Namletea..."

"Haroub!"

"Namwacha alivyo, Bi Mwanakhamis. Namwacha alivyo."

Kwa mujibu wa mwalimu wake, bado hajafaulu, lakini bado ana miezi saba mbele yake.

Akirudi salama kutoka Umra, Bi Mwanakhamis anataka kununua paneli za jua na betri, angalau friza moja isitegemee transfoma ya mtu. Fundi ameshapima paa. Gharama yake, anasema, inafika milioni mbili na nusu, na upatu mpya umeshaanza. Friza hiyo itakuwa ya wachuuzi wote siku umeme ukikatika, kila mtu pande moja moja, bila kugombana, na chupa za Bwana Arusi zitakaa pembeni.

Dua zake za Makka ameshazipanga. Anazihesabu kwa sauti ya chini, huku akipasua barafu ya mteja wa mwisho: ya kwanza ya wazazi wake, ya pili ya Sumaiya na wajukuu, ya tatu ya umeme wa Unguja.

Na Bwana Arusi, hana dua yake?

Bi Mwanakhamis anaweka nyundo chini, anamtazama mwandishi aliyeuliza, kana kwamba mwandishi huyo hakuwa akisikiliza tangu asubuhi.

"Nshamtia kwenye ile ya umeme," anasema. "Haroub yumo, Bi Muzna yumo, mtaa mzima umo. Nimuombee peke yake kwani yeye nani?"